SOMO: Kasi ya kiwanda inawekwa sehemu moja tu

Wakuu, kasi ninayosema ni kiasi cha mzigo kinachopita kiwandani kwa saa. Kuna jamaa kaniuliza kwa nini matangi yake yanafurika wakati kila koki ina kidhibiti, yaani kifaa kinachoifungua na kuifunga chenyewe. Nikamkumbusha usiku mmoja kwenye kiwanda cha miwa hapa Moshi: mmoja wetu kaweka kasi kwenye pampu ya juisi, mwenzake kaweka nyingine kwenye kichemshio. Tangi la katikati lingefanya nini? Asubuhi juisi imetapakaa sakafuni, nyuki wameingia zamu kabla yetu.

1. Chagua koki moja ya kuamua kasi, pale panapobana zaidi. Kwetu ni kichemshio. Ukiiweka mbali na hapo utalazimika kuendesha chini kidogo ya uwezo kwa tahadhari, na hiyo nafasi unayoacha ni bidhaa ambayo hukuizalisha.

2. Simama kwenye koki hiyo. Tangi la kabla yake lilinde kina kwa koki ya kuingizia. La baada yake, kwa koki ya kutolea.

3. Acha tangi lipumue. Hapa ndipo wengi tunakosea. Tangi la akiba lipo kumeza mitikisiko ya mtiririko; ukiling'ang'aniza kwenye kina cha 50%, kila mtikisiko unapita kama ulivyo hadi mtambo unaofuata. Kwa tangi lililo baada ya koki ya kasi, weka kidhibiti cha uwiano tu, yaani koki ifunguke kulingana na kina: kina 25%, koki ya kutolea imefungwa, 50%, nusu wazi, 75%, wazi yote. Reakta, yaani tangi ambamo kemikali zinabadilika, usiifanyie hivyo, maana kina chake ndicho muda wa kemikali kukaa ndani.

4. Kengele ya kina cha juu na swichi ya kuzima pampu ziwe na sensa yao wenyewe, si ile ya kidhibiti.

MASWALI

— Mkuu, kina changu hakirudi 50%. Niongeze integrali, ile sehemu ya kidhibiti inayosukuma hadi kina kirudi pale pale?
Kinakusumbua nini kikikaa 62%? Tangi haliuzwi kwa kina. Page Buckley, mhandisi wa kampuni ya kemikali ya DuPont, alishaandika tangu 1964: udhibiti wa akiba, yaani kina cha matangi, uwe wa taratibu, wa ubora uwe wa haraka.

— Sisi huku Arusha tunarudisha kiyeyushi mwanzo wa mtambo. Malighafi ikiongezeka kidogo, kinachorudi kinajaa kupita kiasi.
Mzunguko wenu wote unaendeshwa na kina cha matangi, dada. Chagueni bomba moja ndani yake, mtiririko wake mupime na kuushikilia usibadilike.

— Na umeme ukikatika?
Koki ya mvuke ijifunge yenyewe kwa springi. Nyingine nitajie moja moja, jibu halifanani.