Jinsi ya kuchagua saa ya GPS ya gofu kwa bajeti isiyozidi dola 300

Kwa dola 150 hadi 300 unapata saa inayokupa umbali sahihi wa kutosha kuchagua fimbo. Ukipanda juu ya hapo, sehemu kubwa ya pesa inakwenda kwenye kioo cha kupendeza, mapigo ya moyo, muziki na malipo ya mkononi. Umbali wa kufika kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera) haubadiliki sana, maana setilaiti ni zilezile. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ramani ya kiwanja chako kwanza, kioo juani pili, betri tatu. Mengine ni mapambo.

Hatua ya 1: Tafuta kiwanja chako

Kampuni ya Garmin wanasema saa yao ya Approach S12 ina viwanja zaidi ya 42,000. Shot Scope wanasema saa yao ya V3 ina zaidi ya 36,000. Idadi hizo hazikusaidii kitu kama kiwanja unachocheza kila Jumamosi hakimo. Kampuni zote mbili zinakuruhusu kutafuta viwanja mtandaoni kabla hujatoa hata shilingi. Andika jina la klabu, kisha jina la mji peke yake. Ukiandika "Gymkhana" tu usichukue jibu la kwanza: Dar es Salaam, Arusha na Morogoro zote zina Gymkhana.

Kikiwemo, angalia idadi ya mashimo. Kiwanja cha mashimo 9 kinachozungukwa mara mbili kwa tii (mahali pa kuanzia shimo) tofauti kinaweza kuwa kimeingizwa kama mashimo 9 tu. Ukifika la 10 saa inaona raundi imekwisha, na itabidi uianzishe upya. Hiyo si sababu ya kuikataa saa, ila ni vizuri ujue mapema. Uliza pia kama kuna grini iliyohamishwa au kujengwa upya karibuni. Ramani hizi huchorwa kutokana na picha za angani, na zikipitwa na wakati saa itakupimia umbali wa grini ambayo haipo tena. Waandikie kampuni warekebishe, ni bure.

Hatua ya 2: Amua unataka kujua nini

Kila saa ya gofu hutoa namba tatu: mwanzo wa grini, katikati na nyuma. Kwa wachezaji wengi hizo zinatosha, pamoja na umbali wa kuvuka banka (mashimo ya mchanga) na maji.

Kama hayo ndiyo unayotaka, Approach S12 (ilitoka 2021 kwa dola 200 hivi) ndiyo ningeipendekeza kwanza. Kioo chake si cha rangi na hakina mvuto dukani, lakini jua linavyozidi kuwaka ndivyo namba zinavyosomeka vizuri zaidi. Inaendeshwa kwa vitufe, na betri yake hufika saa 30 GPS ikiwa imewashwa. Unaweza pia kusogeza bendera kwenye picha ya grini hadi ilipo leo. Hilo ni jambo kubwa: grini ikiwa na kina cha yadi 30, bendera ya nyuma na ya mbele zinatofautiana fimbo mbili au tatu, na anayesoma namba ya katikati tu atapiga fupi au kupitiliza siku nzima bila kujua kwa nini.

Approach S42 ilitoka mwaka huohuo kwa dola 300 hivi. Ina kioo cha rangi cha kugusa cha inchi 1.2, na betri ya saa 15 kwenye GPS. Ni saa nzuri kuvaa hata ofisini. Lakini kwa viwanja vya pwani kama Nyali au Vipingo, ambako kidole kina jasho kuanzia shimo la 2, vitufe havina usumbufu.

Shot Scope V3 ni ya mtu anayetaka takwimu. Inakuja na vitambulisho 16 vya kufunga kwenye vichwa vya mishikio ya fimbo, saa inatambua umepiga kwa fimbo ipi na wapi, na baadaye programu ya simu inakuonyesha umbali wako halisi kwa kila fimbo. Haina ada ya mwezi. Ina sharti moja: ukimaliza kila shimo, ukiwa bado penye bendera, bonyeza kitufe na uingize idadi ya mipigo uliyotumia kwenye grini. Ukisahau, utarekebisha nyumbani kwenye programu. Kama unajua hutakuwa na subira hiyo, nunua S12.

Kuhusu ada: Garmin hutoza dola 9.99 kwa mwezi kwa uanachama wa programu yao ya gofu, unaoleta vitu kama mchoro wa miinuko ya grini. Mwanzo, katikati na nyuma ni bure siku zote. Usishawishike kulipa.

Hatua ya 3: Ipime uwanjani

Hapa ndipo wengi wanaruka, halafu wanalalamikia saa. Toka nje ya jengo la klabu dakika tano kabla ya kupiga, simama mahali pa wazi, ndipo uanzishe raundi. Ukiianzishia chini ya bati, itachelewa kupata setilaiti, na namba za shimo la kwanza zitakuwa za kubahatisha. Saa iliyosafirishwa kutoka nchi nyingine huchelewa zaidi mara ya kwanza.

Simama kwenye alama ya 150 (inayoonyesha umbali uliobaki hadi katikati ya grini). Subiri sekunde kumi, soma namba ya katikati, iandike. Rudia kwenye mashimo matatu. GPS ya kawaida mahali pa wazi hukosea hadi mita 5 hivi, kwa hiyo tofauti ya yadi 5 isikutishe. Tafsiri ni hii:

- Shimo moja tu linakosea, na kila ukirudi linakosea upande uleule: ramani ya shimo hilo ina kasoro, au alama yenyewe haikupimwa hadi katikati ya grini. Muulize kedi (mbeba fimbo) mzoefu.
- Mashimo yote yanazidi au kupungua kwa karibu asilimia 9: saa iko kwenye mita na alama ziko kwenye yadi, au kinyume chake. Mita 150 ni yadi 164, zaidi ya fimbo nzima. Badilisha kwenye mipangilio.
- Namba inarukaruka ukiwa umesimama: ni miti mikubwa juu yako, au kipokezi kibovu. Sogea pa wazi. Isipotulia, irudishe dukani.

Angalia pia namba ya shimo kila unapofika tii. Mashimo yanapopakana, saa huweza kurukia la jirani.

Hatua ya 4: Ukinunua ya mtumba

Ichaji hadi 100, anzisha raundi, iache nje saa moja. S12 nzima ipoteze asilimia 3 au 4, S42 kama 7, V3 kama 10. Ikipoteza 20, betri imechoka. Hakikisha waya wake wa kuchajia umo, na muuzaji aiondoe kwenye akaunti yake mbele yako.

Hatua ya 5: Mambo ambayo saa haiyajui

Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko mpira huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Fimbo inayokupa yadi 150 Mombasa itakupa karibu 159 Nairobi. Saa inapima ardhi tu. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe.

Kwenye mashindano, Kanuni ya 4.3 ya Kanuni za Gofu imeruhusu kupima umbali tangu 2019, lakini si tofauti ya mwinuko. Saa yenye kipengele hicho, kizime. Ukikitumia katika mchezo wa kuhesabu mikwaju unaongezewa mikwaju 2, na ukirudia unaondolewa. Kamati inaweza pia kupiga marufuku vifaa vyote vya umbali, kwa hiyo soma kanuni za klabu kwenye ubao kabla ya tii ya kwanza.