Misimbo ya matatizo ya ukomohedhi: anza na tarehe ya hedhi ya mwisho

Kundi la N95, la matatizo ya ukomohedhi, katika ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa, ni dogo, lina misimbo sita tu. Lakini kila ninapokagua mafaili, ni kati ya makundi yanayonifanya nishike kalamu nyekundu mara nyingi. Mtu anaona neno "menopozi", yaani ukomohedhi, katika maandishi ya daktari, anaandika N95.1, msimbo wa dalili za ukomohedhi, anafungua faili linalofuata. Neno hilo peke yake halitoshi. Kinachoamua msimbo ni hedhi ilikoma lini na nini kiliikomesha.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe kabla ya kutafuta msimbo

Weka kitabu cha misimbo pembeni kwanza. Soma maelezo ya daktari ukitafuta siku ya hedhi ya mwisho, umri wa mgonjwa, na historia ya upasuaji au mionzi ya nyonga. Ukomohedhi wa kawaida hujulikana kwa kutazama nyuma: miezi 12 mfululizo bila hedhi, pasipo sababu nyingine. Kabla ya miezi hiyo kutimia, mwanamke bado yuko kwenye kipindi cha mpito, hata kama hedhi imeruka miezi minne au mitano.

Jihadhari na mgonjwa aliyetolewa mji wa mimba huku ovari zikiachwa. Hapati hedhi, ni kweli, lakini ovari zake bado zinaweza kuwa zinafanya kazi. Hapo miezi 12 haikuambii chochote, unategemea alichoandika daktari.

Hatua ya 2: Ulizia kilichoikomesha

Kama ovari zilitolewa kwa upasuaji au ziliharibiwa na mionzi, na mgonjwa ana dalili, kitabu cha Shirika la Afya Duniani kinakupeleka N95.3. Toleo la Marekani, ICD-10-CM, linalotumika tangu Oktoba 1, 2015, halina msimbo huo kabisa. Huko utaandika E89.41 mgonjwa akiwa na dalili, na E89.40 akiwa hana. Kwa hiyo jua mapema ni toleo gani mfumo wako unatumia. Dai la malipo lenye msimbo wa toleo lisilo lake litarudishwa, hata kama ugonjwa umetambuliwa sawasawa.

Hedhi iliyokoma mapema, kabla ya miaka 40, nayo haikai N95. Iko E28.3, miongoni mwa matatizo ya ovari. Toleo la Marekani linaigawa tena: E28.310 yenye dalili, E28.319 isiyo na dalili.

Hatua ya 3: Damu, na hapa usiharakishe

Misimbo miwili ya damu huchanganywa kila siku. N92.4 ni damu nyingi au isiyo na mpangilio katika kipindi cha kuelekea ukomohedhi, yaani hedhi bado haijakoma. N95.0 ni damu inayotoka baada ya ukomohedhi kutimia. Hata ikiwa ni doa tu kwenye nguo, hata ikiwa imetoka mara moja.

Nimewahi kushika faili la mama wa miaka 58, hedhi ilikoma zaidi ya miaka mitano nyuma, naye amewekewa N92.4. Aliyeandika aliona "damu" na "menopozi" akadhani mambo ni yale yale. Si yale yale. Takriban mwanamke mmoja kati ya kumi anayetokwa damu baada ya ukomohedhi hukutwa na saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba, ndiyo maana dalili hii huchunguzwa haraka. Anayevuta orodha ya wagonjwa wa N95.0 ili kuona nani hajafanyiwa kipimo hatamkuta mama huyu. Amefichwa na tarakimu chache, na ni sisi tulioziandika.

Majibu ya kipimo yakirudi, msimbo hubadilika. Ikithibitika kuwa ni uvimbe wa polipi kwenye mji wa mimba, andika N84.0. Ikiwa ni saratani ya utando huo, C54.1. Lakini subiri uthibitisho. Kwa mgonjwa wa nje, mwongozo wa Marekani haukuruhusu kuandika ugonjwa ambao daktari ameuita "huenda" au "inashukiwa". Unabaki na dalili, N95.0.

Hatua ya 4: Dalili nyingine

Sasa N95.1 inapata nafasi yake: joto la ghafla mwilini, kukosa usingizi, kichwa kuuma, kushindwa kutuliza mawazo, pale daktari anapozihusisha na ukomohedhi wa kawaida au kipindi cha mpito. Toleo la Marekani linataka uongeze na msimbo wa dalili yenyewe, kwa mfano R23.2 kwa joto na wekundu wa ngozi, au G47.00 kwa kukosa usingizi. Anayetumia homoni za kufidia huongezewa Z79.890.

Na asiye na malalamiko? Mama wa miaka 60 aliyekuja kupima presha hana ugonjwa wa ukomohedhi. Katika toleo la Marekani hali yake ni Z78.0, na haiandikwi pamoja na N95.1.

Hatua ya 5: Uke, mkojo na mifupa

Uke uliosinyaa na kuvimba kwa kukosa estrojeni ni N95.2. Uvimbe wa mrija wa mkojo baada ya ukomohedhi uko N34.2. Mifupa iliyodhoofika iko M81.0, au M80.0 ikiwa imeshavunjika kwa udhaifu huo.

Hatua ya 6: Hakiki, kisha uliza

Faharasa ya kitabu ni ya kukuelekeza tu. Rudi kwenye orodha kuu usome maelezo ya "haihusishi" chini ya N95, maana ndiyo yanayokutoa kwenda E28, E89 au N92. N95.8 ni kwa tatizo lililotajwa lisilo na msimbo wake. N95.9 mimi huihesabu kama swali ambalo bado halijaulizwa. Ikikujia, mwandikie daktari kabla ya kufunga faili:

"Daktari, naomba ufafanuzi. Umeandika tatizo la menopozi. Hedhi ya mwisho ilikuwa lini? Ilikoma yenyewe, au baada ya upasuaji au mionzi? Dalili ipi imemleta leo, na je, kuna damu yoyote iliyotoka tangu hedhi ikome?"