Jinsi ya kusoma barua ya raia kwa Gavana Vance, North Carolina, 1862–1865

Barua hizi ziliandikwa na wake wa askari, wajane, wazazi na majirani wa mashambani, zikapelekwa Raleigh, mji mkuu wa jimbo, kwa Zebulon B. Vance, aliyeshika ugavana wa North Carolina tarehe 8 Septemba 1862, mwaka wa pili wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, jimbo hilo likiwa upande wa Kusini, yaani majimbo yaliyojitenga. Wanaomba mume arudishwe aje kuvuna. Wanaomba chumvi, mahindi, nyuzi za pamba za kufumia nguo. Wanamshitaki mfanyabiashara anayeficha unga. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mfasiri mwenye picha ya barua moja mbele yake na anayetaka kuielewa sawasawa.

Hatua ya 1: Pakua picha zote

Zote, hata ukurasa unaoonekana mtupu. Chukua ukubwa wa juu kabisa uliopo.

Hatua ya 2: Anza na mgongo wa barua

Usianze na kilio kilichomo ndani. Barua ikifika ofisini ilikunjwa mara tatu hadi ikawa ukanda mwembamba, na juu ya ukanda huo karani akaandika jina la mwombaji, mahali alipo, tarehe, na ombi lake kwa mstari mmoja au miwili. Mara nyingine gavana mwenyewe anaongeza chini yake maneno machache ya kumwelekeza karani ajibu nini. Maandishi hayo hukaa kwa upande, wino wake ni tofauti, na ndiyo sababu watu huyapita wakidhani ni uchafu wa karatasi. Zungusha picha nyuzi 90, uyanakili kabla ya kusoma kitu kingine. Mara nyingi jina lisilosomeka kwenye sahihi limeandikwa wazi hapo.

Hatua ya 3: Nakili herufi kwa herufi

Tumia programu nyepesi ya maandishi matupu, kama Notepad. Word itakusahihishia tahajia bila kukuuliza, na tahajia ndiyo sauti ya mwandishi. Kwa sababu hiyohiyo usianze na programu za kusoma mwandiko kiotomatiki: zinapokwama hukisia neno la kawaida, nawe hutajua kwamba limekisiwa. Zitumie baadaye kulinganisha, ukitaka.

Waandishi wengi waliandika wanavyotamka. "Govner" ni gavana, "wimen" ni wanawake, "crap" ni mavuno, si tusi. Neno likikushinda, lisome kwa sauti, pole pole, mara mbili tatu. Aliyewahi kusoma barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu anaijua njia hii: sikio hutangulia jicho. Angalia pia s mbili zinazofuatana: ya kwanza huandikwa ndefu kama f, kwa hiyo kinachoonekana "businefs" ni "business".

Karatasi ilikuwa adimu Kusini, wakaandika pande zote mbili, na wino wa nyuma hupenya. Geuza picha ya upande wa pili kama kwenye kioo, uiweke pembeni. Mkwaruzo unaofanana pande zote mbili si herufi.

Hatua ya 4: Hakikisha tarehe, kisha uiweke juu ya sheria

Saa nyingi hupotea hapa, maana ombi lilelile lilikuwa haki mwezi huu na fadhila mwaka uliofuata.

Kwanza mwaka. Januari watu huandika mwaka uliopita kwa mazoea. Barua kwa Gavana Vance yenye tarehe ya Januari 1862 haiwezekani: wakati huo gavana alikuwa Henry T. Clark, na Vance alikuwa kanali wa kikosi cha 26 cha North Carolina. Isome 1863, lakini usiifute 1862. Iache ilivyo na uweke rekebisho lako kwenye mabano ya mraba. "Inst." maana yake mwezi huuhuu, na "ult." mwezi uliopita. Barua ya tarehe 3 Machi inayotaja "28th ult." inasema 28 Februari.

Pili umri. Sheria ya kuandikisha askari kwa lazima ilipitishwa Richmond, makao makuu ya Shirikisho la Kusini (serikali ya majimbo yaliyojitenga), tarehe 16 Aprili 1862, ikiwachukua wanaume weupe wa miaka 18 hadi 35. Tarehe 27 Septemba 1862 kikomo kilipandishwa hadi 45. Tarehe 17 Februari 1864 ikawa 17 hadi 50. Kwa hiyo mke anayelalamika kwamba mumewe wa miaka 40 amechukuliwa kwa lazima, na barua yako inasema Juni 1862, kitu kimoja umekisoma vibaya: umri au mwaka. Rudi kwenye picha.

Tatu kazi ya anayeombewa. Sheria ya 11 Oktoba 1862 iliwaacha nyumbani wahunzi, wasaga nafaka, watengeneza ngozi na washona viatu wanaouhudumia umma. Majirani walioandika Novemba 1862 kumtaka mhunzi wao wanasimama juu ya sheria. Februari 1864 misamaha mingi ya mafundi iliondolewa, na kuanzia hapo mtu hubakizwa kwa ruhusa maalumu ya jeshi. Ombi lilelile sasa ni la kubembeleza. Katika tafsiri, la kwanza linaweza kubeba "tunadai", la pili "tunaomba". Sheria hiyohiyo ya Oktoba ilimsamehe mzungu mmoja kwa kila shamba lenye watumwa 20. Kifungu hicho kiliwachoma maskini wasio na mtumwa hata mmoja, na ukijua hivyo utaelewa hasira inayolipuka ghafla katikati ya barua iliyoanza kwa unyenyekevu.

Nne mamlaka. Gavana hakuweza kumtoa askari jeshini kwa kalamu yake. Aliweza kuwakinga maofisa wa jimbo, kama mahakimu wa amani na maofisa wa wanamgambo, na aliweza kuandika Richmond au kwa kamanda. Mgongo wa barua ukionyesha kwamba ombi limepelekwa huko, usiandike kwamba gavana alikwepa.

Hatua ya 5: Jua ni nani anaandika

Tafuta kaya kwenye sensa ya 1860. Kumbuka jina la posta si jina la kaunti. Sensa inakupa majina na umri wa watu huru wote wa nyumba ile, na ina safu ya waliozidi miaka 20 wasiojua kusoma na kuandika. Kama mwombaji ana alama kwenye safu hiyo, mwandiko ni wa mtu mwingine: linganisha sahihi na mwili wa barua.

Watumwa hawatajwi kwa majina kwenye sensa ile. Wamo kwenye orodha tofauti, kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Lakini barua za wamiliki wanaotaka watumwa wao warudishwe kutoka kwenye ujenzi wa ngome za bandari ya Wilmington zinaweza kuwa na majina. Yanakili yote, hata kama ombi lenyewe halikuvutii. Huenda jina la mtu huyo halikuandikwa kwingine.

Hatua ya 6: Pesa na vipimo

Askari wa kawaida alilipwa dola 11 kwa mwezi, zikawa 18 kuanzia Juni 1864. Stempu ya barua ilikuwa senti 10 tangu Julai 1862. Busheli moja ya mahindi yaliyopukuchuliwa ni ratili 56, takriban kilo 25, yaani robo ya gunia la kilo 100.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni barua ya Mary C. Moore kutoka Salisbury, ya 21 Machi 1863. Siku tatu kabla yake wanawake wa mji huo, wake wa askari, waliwaingilia wafanyabiashara na kuchukua mapipa ya unga. Barua inamweleza gavana kwa hesabu: kushona suruali ya jeshi yenye bitana senti 50, koti senti 75. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu dhidi ya bei za vyakula anazozitaja mwenyewe, halafu usome habari ya tukio hilohilo kwenye gazeti la mji, *Carolina Watchman*. Ziweke kando kwa kando.

Hatua ya 7: Tafuta jibu

Liko, kama lipo, kwenye daftari la nakala za barua za gavana, siyo kwenye boksi la barua zilizoingia. Tafuta kuanzia tarehe iliyo mgongoni hadi miezi miwili mbele. Usipoliona, andika "nakala ya jibu haikupatikana", usiandike "hakujibiwa".

Hatua ya 8: Tafsiri

Gavana ni "Mheshimiwa Gavana". Tahajia mbovu usiigize kwa Kiswahili kibovu; weka Kiswahili cha kawaida, na nakala yako ya herufi kwa herufi ikae ukurasa wa pili. Faili liite kwa tarehe (mwaka, mwezi, siku), kaunti na namba ya boksi, kwa mpangilio huo, ili barua zijipange zenyewe kwa mfuatano wa siku.