Kusoma lebo ya vitamini kabla hujalipa

Katika nchi nyingi vidonge vya vitamini huhesabiwa kuwa chakula, si dawa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, mtengenezaji huviingiza sokoni bila serikali kuvipitisha kwanza. Umoja wa Ulaya una orodha ya vitamini na madini yanayoruhusiwa tangu 2002, ila viwango vya juu kila nchi bado inajiwekea. Kwa hiyo anayechuja ni wewe, kopo likiwa mkononi.

Anza na kiasi cha siku: mara nyingi tarakimu zilizoandikwa ni za vidonge viwili au vitatu, si kimoja. Kisha angalia kipimo. Vitamini D huandikwa kwa mikrogramu au kwa IU (vizio vya kimataifa), na mikrogramu 1 ni IU 40. Kopo la “25” na la “1,000” huenda yakawa sawasawa.

Kwenye madini ndiko wengi hunaswa. Kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu; feri salfeti ya 325 ina chuma 65. Linganisha madini yenyewe, usilinganishe uzito wa chumvi yake, yaani kiungo kizima kama kalsiamu kaboneti.

Sasa jumlisha makopo yote unayotumia, pamoja na yale ya “nywele na kucha”. Kikomo cha mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 3,000 za retinoli (vitamini A) na 100 za vitamini D. Retinoli ikizidi wakati wa ujauzito huweza kumlemaza mtoto tumboni, hivyo mjamzito asiitumie bila ushauri wa daktari. Kwa vitamini B6 wataalamu wenyewe hawakubaliani: Marekani ni miligramu 100, Ulaya ni 12 tangu 2023. Shika ya chini, maana B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva, na miguu huanza kufa ganzi.

Lebo ikidai “inatibu kisukari”, irudishe rafuni. Na ikificha viwango nyuma ya maneno “mchanganyiko maalumu”, hakuna cha kujumlisha hapo.

Unatumia dawa? Muulize mfamasia. Kalsiamu na chuma humezwa kwa kupishana saa 4 na levothairoksini (dawa ya tezi ya shingoni), vitamini K hupunguza nguvu ya warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), na bayotini (vitamini B7) huweza kupotosha vipimo vya damu, hata vya moyo.

Ukidhurika, acha kumeza, tunza kopo lenye namba ya toleo, na uripoti kwa mamlaka ya chakula na dawa.