Kabla ya kupandisha Windows, hifadhi draiva zako

Tangu msaada wa Windows 10 ulipofikia kikomo Oktoba 14, 2025, sijakosa laptopu mezani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, iliyopandishwa kwenda Windows 11 ikawa bubu. Spika kimya, waifai haionekani, maandishi ya skrini yamevimba. Mwenyewe anadhani imeungua. Mara nyingi haijaungua, ila imepoteza draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na kila kifaa kilichomo ndani.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu kutoka Pongwe. "Dada, alama za mitihani zinatakiwa Ijumaa, na mashine haishiki mtandao." Aliyempandishia alifuta diski yote akaanza upya bila kuhifadhi draiva hata moja. Iliniuma, maana kuzihifadhi ni kazi ya dakika chache tu.

Unafanya hivi. Chomeka flashi, unda folda uipe jina Draiva. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bofya Command Prompt kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Run as administrator. Kama flashi yako imepewa herufi D, andika:

pnputil /export-driver * D:\Draiva

Draiva zote za ziada zilizowekwa kwenye mashine zitanakiliwa humo. Ukishapanda, kama kuna kilichopotea, unazirudisha kwa amri hii:

pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Draiva nyingi za Windows 10 ya biti 64 zinafanya kazi kwenye Windows 11. Za biti 32 hazifai kabisa.

Kwa mwalimu hatukuwa na flashi hiyo, kwa hiyo nilianza na mtandao, kwa sababu bila mtandao huwezi kupakua kingine chochote. Nilichomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nikawasha USB tethering, yaani simu kuigawia laptopu mtandao kwa waya. Windows huitambua simu yenyewe, bila draiva ya kutafuta. Kisha Settings, Windows Update, Advanced options, Optional updates. Watu wengi hawafiki huko, na huko ndiko draiva zinakosubiri. Ya sauti tuliipata hapo hapo.

Ya waifai haikuwemo. Bonyeza Windows na X, fungua Device Manager, utaona kifaa chenye alama ya njano. Kibofye mara mbili. Code 28 maana yake draiva haijawekwa. Code 10 maana yake kifaa kimeshindwa kuanza. Sasa nenda Details, chagua Hardware Ids, usome namba inayofuata VEN: 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Ya mwalimu ilikuwa 8086. Tayari tunajua tunamtafuta nani. Ukiangalia Display adapters ukakuta Microsoft Basic Display Adapter, ujue skrini inaendeshwa kwa draiva ya kuazima, weka ya kwake.

Pakua kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa modeli au namba iliyo chini ya mashine, na akiwa hana, kwa aliyetengeneza kifaa chenyewe. Tafadhali, zile programu zinazojitangaza kwamba zitakusasishia draiva zote kwa mbofyo mmoja ziache. Nimeondoa nyingi mno, pamoja na matangazo na uchafu zilioingia nao. Wala usibadilishe draiva inayofanya kazi vizuri eti kwa sababu kuna mpya zaidi.

Ikiwa mpya imeleta shida, rudi Device Manager, kwenye kifaa hicho fungua Properties, Driver, kisha Roll Back Driver. Na kama uliipandisha Windows juu ya ile ya zamani bila kufuta diski, una siku 10 za kurudi ulikotoka kupitia Settings, System, Recovery, mradi hujafuta folda ya Windows.old. Usiifute mapema kwa tamaa ya nafasi.

Waifai ya mwalimu ilishika saa kumi jioni. Kabla hajaondoka nilihifadhi draiva zake zote kwenye flashi, nikaibandika plasta na kuandika kwa kalamu modeli ya mashine, Windows 11, na tarehe.