Dawati la malalamiko mgodini: namna ya kulifanya lifanye kazi

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu inataka kampuni iwe na njia ya kupokea malalamiko. Migodi mingi huweka dawati getini, kando ya walinzi. Hapo ndipo linapofia: aliyepigwa na mlinzi hawezi kumpita mlinzi yuleyule kwenda kushtaki. Liweke kijijini, karibu na ofisi ya mtendaji, na siku ya gulio liwe wazi.

Andika lalamiko kwa maneno ya mlalamikaji, msomee, kisha mpe nakala yenye namba na tarehe. Asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini. Jibu la kwanza ndani ya siku 7, uamuzi ndani ya 30. Ukichelewa, mwambie sababu.

Nyumba iliyopasuka ukuta? Pima nyufa, piga picha, linganisha na kumbukumbu za mitetemo ya ulipuaji. Bila picha za kabla ya mgodi kuanza, mtabishana miaka.

Kipigo, risasi au ubakaji visimalizwe dawatini: matibabu kwanza, fomu ya PF3 (ya polisi, ya uchunguzi wa daktari), uchunguzi huru. Na usimsainishe mtu hati ya kutoshtaki ili alipwe.