Kwikwi na mbweu: vinatoka wapi, na uvitulize vipi

Hapa kwetu Ngamiani, Tanga, mwezi wa kwikwi ni Ramadhani. Mtu kashinda na njaa tangu alfajiri, adhana ya magharibi ikisikika tu anavamia sinia: muhogo wa nazi, tambi, uji wa pilipili manga wa moto, na juu yake glasi ya ukwaju iliyotoka kwenye friji. Futari haijafika nusu, kwikwi imeshamshika, na wenzake wanamuuliza kaiba nini.

Hajaiba kitu. Tumbo limejaa ghafla na kukisukuma kiwambo, ule msuli mpana ulio kati ya kifua na tumbo, ambao ndio unaovuta pumzi. Kiwambo kikisukumwa, au mishipa yake ya fahamu ikichokozwa na pilipili, soda, pombe au moto na baridi kwa pamoja, hujikaza chenyewe bila kukuomba ruhusa. Pumzi inaingia kwa kishindo, na papo hapo koo linajifunga. Mlio unaousikia ni wa hewa iliyofungiwa mlango.

Nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, na la kwanza ninalowaambia watu ni hili: fungua kwa tende na maji, nenda kasali, kisha rudi ukae kitako ule. Muda ule wa sala unalipa tumbo nafasi ya kuamka. Uji unywe ukiwa vuguvugu, na ukwaju usiufuatishe papo hapo. Tonge liwe dogo, ulitafune mpaka lilainike. Wanaokula hivyo, kwikwi huwapita mbali.

Ikishakushika, kaa wima. Vuta pumzi ndefu, ibane kama sekunde kumi, iachie polepole. Rudia mara kadhaa. Ukibana pumzi, hewa chafu ya kaboni inaongezeka katika damu na kiwambo kinatulia. Isipokoma, chukua glasi ya maji baridi unywe mafunda madogo madogo mfululizo bila kupumua katikati, au kijiko kimoja cha sukari kavu ukiache ulimini kisha ukimeze. Kumeza huko kunaugusa mshipa wa fahamu unaoshuka kooni hadi tumboni, na mara nyingi kwikwi hukatika. Kukaa ukiwa umekumbatia magoti kifuani nako kunafaa.

Kumshtua mtu mimi sikupendi. Mwenye tonge mdomoni atapaliwa, na mzee mwenye presha hahitaji mshtuko. Wala msimbonyeze mtu macho, maana jicho linaumia.

Kwa kichanga, tafadhali sana akina mama: msimpe maji. Mtoto chini ya miezi sita anatosheka na ziwa tu. Kwikwi za watoto wachanga ni za kawaida, huzianza wakiwa bado tumboni, na wala haziwaumi kama zinavyotutia wasiwasi sisi. Bibi akitaka kumbandika uzi kwenye paji la uso, mwacheni abandike, ilimradi usije ukaangukia mdomoni. Wewe mnyanyue mtoto, muegemeze begani, kidevu chake kikae juu ya kanga, umpapase mgongo kutoka chini kwenda juu mpaka acheue. Fanya hivyo kabla ya kumhamishia ziwa la pili, na tena akimaliza. Angalia pia anavyonyonya: akishika ncha ya chuchu peke yake anameza hewa. Mdomo uwe wazi, ulichukue na lile eneo jeusi.

Mbweu nazo ni hewa inayorudi ilikotoka. Tunaimeza tukila haraka, tukizungumza na tonge mdomoni, tukitafuna bigijii, tukivuta sigara au tukinywa kwa mrija. Soda inaongeza gesi yake. Kubeua mara chache baada ya chakula ni afya, hakuna cha kutibu.

Shangazi yangu mmoja alikuwa anabeua mfululizo, hata kabla hajala, na kila akiwa na wasiwasi zinazidi. Watu wa namna hiyo aghalabu hewa haifiki hata tumboni: wanaivuta kooni na kuitoa hapo hapo bila kujua. Tulimkalisha, mkono mmoja juu ya kitovu, mdomo wazi kidogo, avute pumzi polepole mpaka mkono unyanyuke. Mdomo ukiwa wazi ni vigumu kumeza hewa. Akafanya kila mbweu zilipomjia, na siku baada ya siku zikapungua. Ukiona ni zako, anza hapo kabla ya kukimbilia duka la dawa.

Mbweu zenye uchachu na kiungulia zinataka jambo jingine. Usilale ukishiba, ngoja saa mbili au tatu, na ukilala lalia ubavu wa kushoto. Mkila daku kisha mkajitupa kitandani, hapo ndipo asidi inapopanda. Ukiona chakula kinakwama, unakonda bila sababu, unatapika damu au choo ni cheusi kama lami, nenda hospitali. Na kifua kikibana pamoja na jasho, usikae nyumbani kungojea ubeue, nenda saa hiyo hiyo.

Kwikwi inayopita siku mbili nayo ni ya daktari. Yaweza kutokana na figo, kiharusi, tumbo au dawa, na iko inayoganda: Charles Osborne wa Marekani ilimshika mwaka 1922, ikamwachia 1990. Ikiambatana na udhaifu wa upande mmoja au ulimi mzito, usihesabu siku. Ukienda hospitali ya Bombo au zahanati ya jirani, beba dawa zote unazotumia, hasa kama umepewa deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe, ambayo huleta kwikwi kwa baadhi ya watu. Usiiache mwenyewe, mwoneshe daktari aamue.